Skrini ya Fokasi: Bapa Dogo Ndani ya Kamera

Je, wajua kwamba ukitazama ndani ya kamera ya filamu aina ya SLR, unachokiona ni picha iliyojichora juu ya bapa jembamba? Mwanga ukishapita kwenye lenzi hupandishwa juu na kioo kilichoinama nyuzi 45, ukatua kwenye bapa hilo lenye uso wa ukungu, kisha prizimu hulifikishia jicho picha iliyosimama wima. Hiyo ndiyo skrini ya fokasi. Safari ya mwanga kutoka kwenye lenzi hadi kwenye skrini lazima ilingane kabisa na ile ya kufika kwenye filamu. Ikipotoka kidogo tu, jicho litaona picha kali na filamu itapata picha yenye ukungu.

Nikon F ya mwaka 1959 ilimwezesha mpiga picha kubadilisha skrini, na kila aina ikapewa herufi yake. Skrini ya Olympus OM-1 hubadilishwa kwa kibanio kupitia mdomo wa lenzi.

Ili tuone skrini ipi inafaa wapi, twende Nchelenge nchini Zambia, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Kamera nyingi huja na skrini yenye duara lililokatwa katikati kwa mstari mlalo. Unalenga kitu kilichosimama: kikivunjika vipande viwili, fokasi bado; vikiungana, piga. Lakini mstari mkuu wa Mweru ni upeo wa maji, nao umelala sambamba na huo mkato, kwa hiyo haukuambii lolote. Lenga bua la tete, au inamisha kamera kwanza. Au tumia skrini ya L ya Nikon, yenye mkato wa mshazari. Na ukifunga lenzi ndefu yenye tundu la f/5.6 au dogo zaidi, nusu ya duara huwa nyeusi.

Kwa ziwa hili mimi naichagua skrini ya E ya Nikon bila kusita: ukungu mtupu wenye mistari ya miraba. Ziwa lililoinama kwenye picha huonwa na kila mtu, na miraba hiyo hulinyoosha kabla hujapiga. Hata kwenye Mutomboko, sherehe ya kila Julai kule Mwansabombwe karibu na wangwa wa Mofwe, chifu Mwata Kazembe anapocheza hakungojei uunganishe nusu mbili katikati. Ukungu hukuruhusu kumlenga popote alipo ndani ya fremu.

Usivutwe na mwangaza peke yake. Skrini angavu sana hupendeza, ila juu yake ni vigumu kutofautisha kilicho kikali na kilichokaribia kuwa kikali. Tena, kwenye kamera ambazo kipimamwanga chake husoma kutoka kwenye skrini, kubadilisha aina huweza kubadilisha kipimo, basi soma kijitabu chake kwanza. Nikon F3 ya 1980 haina shida hiyo, kwa kuwa hupima mwanga chini ya kioo.

Ukinunua kamera kuukuu, ikague skrini kabla ya kulipa. Vumbi lipulize kwa kipuliza cha mkono. Usilifute kwa kitambaa wala kidole, maana skrini nyingi ni za plastiki laini na mkwaruzo wake hauondoki.