Daftari Kubwa Katika Diski Ndogo

Mwenye duka mjini Katesh anayeuza kwa mkopo huandika kila deni daftarini. Daftari likijaa, hanakili yote yaliyopita. Huhamishia salio la kila mteja katika daftari jipya, na la zamani huliweka kando. Kwa njia iyo hiyo, kompyuta yenye diski ndogo yaweza kushiriki katika kulikagua daftari la Bitcoin.

Daftari hilo, ambalo wataalamu huliita blokucheni, lilianzishwa tarehe 3 Januari 2009. Halina makao makuu: nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, ziitwazo nodi. Faida ya mtawanyiko huo haihitaji maelezo marefu mjini Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua watu na kubomoa nyumba; mbele ya janga la namna hiyo, kumbukumbu yenye nakala moja tu haina kinga.

Lakini nakala hizo ni nzito. Mwaka 2025 daftari zima lilizidi gigabaiti 600. Kompyuta ya shule yenye diski ya gigabaiti 128 haiwezi kulihifadhi. Ndipo inapofaa mbinu ya kupogoa, iliyoingizwa katika programu ya Bitcoin Core mwaka 2015. Nodi hupokea kila bloku, yaani kila ukurasa wa daftari, tangu ule wa kwanza. Huukagua, husahihisha salio, kisha hufuta kurasa za kale. Hubaki bloku za karibuni, ambazo zaweza kupunguzwa hadi megabaiti 550. Orodha ya fedha zisizotumiwa bado, yenye gigabaiti zaidi ya 10. Na vichwa vya bloku zote. Kila kichwa kina baiti 80 na hubeba alama ya kichwa kilichotangulia. Mwanafunzi aweza kukokotoa mwenyewe: vichwa 900,000 ni megabaiti 72 tu.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba kupogoa huokoa nafasi ya diski, si gharama ya intaneti: daftari zima lazima lipakuliwe kwanza. Tena, nodi iliyopogolewa haiwezi kumpa mgeni historia kamili. Nodi zote zikipogolewa, hakuna mpya itakayoweza kukagua tangu mwanzo.

Basi, mwenye diski ndogo aweza kuhakikisha hesabu bila kutegemea neno la mwingine. Asichoweza ni kuwa mtunza nyaraka. Na kazi hiyo hapana budi wawepo wa kuifanya.