KODI YETU, SAUTI YA NANI?

Ndugu wafanyakazi,

Mwaka 2012 serikali ya Uganda iliweka viwango vya kodi ya mshahara. Shilingi 235,000 za kwanza kwa mwezi haziguswi. Zinazozidi 410,000 hukatwa asilimia 30. Mkubwa wa Nakasero mwenye mshahara wa milioni 9, naye kiwango chake cha juu ni asilimia 30 hiyo hiyo. Nyongeza huanzia milioni 10!

Nani atayasema haya redioni? UBC ni mali ya umma. Lakini mwaka 2016 Mahakama ya Juu iliona haikuwapa wagombea urais nafasi sawa, ingawa Katiba yaamuru hivyo. Ikiwa mgombea urais alipunjwa, mchuma chai atasikika wapi?

Ndugu, tudai yote mawili mikutanoni: kodi ya haki na nafasi redioni. Mlipaji asiwe bubu.