Fugazi: kundi la roki lililokataa kuuza mavuno yangali maua

Leo naomba tuongee muziki, lakini kwa njia ya hesabu. Mimi ni agronome, gitare siijui. Ila naona kwetu sisi vijana wenye lisansi, mtu akipata wazo, iwe orkestra, iwe shamba la kuku, iwe duka la mbegu, neno la kwanza linalotoka mdomoni ni: "Nani atatupa feza?" Kuna kundi moja la Marekani lililoanza na ulizo lingine: "Tunaweza kuendesha kazi hii na kidogo kiasi gani, ili mtu asije kutuamuru?" Nimefuata historia yao kwa muda mrefu, na naona iko na kitu cha kutufundisha.

Kundi linaitwa Fugazi, la Washington, mji mkuu wa Marekani. Konseri yao ya kwanza ilikuwa tarehe 3 Septemba 1987. Walikuwa wanne: Ian MacKaye na Guy Picciotto kwa sauti na gitare, Joe Lally kwa besi, Brendan Canty kwa ngoma. Mpaka waliposimama mwishoni mwa 2002, walikuwa wamepiga konseri zaidi ya 1000, mu majimbo yote 50 ya Marekani na mu nchi nyingine nyingi, na wametoa albamu sita za studio.

1. Avansi ni nini?

Tuanze na namna kundi linavyoingia ku kampuni kubwa ya disiki. Kampuni inatoa feza mbele: njo avansi. Feza ile inalipa studio, inalipa maisha, na kijana anaona kama ni zawadi. Kumbe ni deni. Disiki zikianza kuuzwa, fungu la wanamuziki linabakia kwanza ku kampuni mpaka avansi irudi yote. Mara nyingi rekodi ya asili nayo inakuwa mali ya kampuni. Na disiki isipouzwa, mwaka unaofuata kampuni iko na nguvu ya kusema: badilisheni sauti, ao hatutoi kitu.

Wenye wazazi kijijini wanajua jambo hili. Mama amekosa minerval ya watoto, maharagwe yangali maua. Mchuuzi anakuja, analipa shamba lote palepale. Siku ya kuvuna, bei ni ile ya mchuuzi. Mama amelima, amepalilia, amevuna, lakini hana neno juu ya gunia lake mwenyewe.

2. Nyumba ilijengwa mbele

Fugazi hawakuanza na mikono mitupu. Mu 1980, MacKaye alikuwa kijana aliyetoka tu ku sekondari. Kundi lake la wakati ule, Teen Idles, lilivunjika, wakabakia na feza kidogo ya konseri. Badala ya kugawana, walichapisha disiki ndogo, kopi 1000. Mifuko yake ya karatasi waliikata kwa makasi na kuigundisha kwa mikono, wao na marafiki. Hivyo ilizaliwa Dischord, nyumba yao ya kutoa disiki. Feza iliporudi, wakatoa disiki ya kundi lingine la mji uleule, kisha lingine tena. Kati yao na makundi hakukuwa mkataba wa kuandikwa: watu walijuana.

Kwa hiyo Fugazi ilipoanza, mbegu ilikuwa imehifadhiwa tangu miaka saba. Na kujitegemea hakukuwa kukaa peke yao. John Loder wa Southern, ku London, aliwasaidia sana kuchapisha disiki na kuzisambaza. Tofauti ni kwamba msaidizi huyo hakukaa mu studio kuamua wimbo uanze vipi.

3. Dola 5 ku mlango

Jambo lililowajulisha watu wengi ni bei. Kwa miaka mingi walitaka tiketi isipite dola 5, na vijana wa umri wowote waingie. Kule Marekani hili si jambo dogo, juu pahali pengi pa muziki panaishi na pombe, na mtoto wa miaka 16 anabakia inje. Wao walitafuta majumba ya parokia, ya shule, ya jumuiya.

Waliweza namna gani? Tufanye hesabu ya mfano. Watu 800 mara dola 5 ni dola 4000. Toa jumba, toa vyombo vya sauti, toa esansi. Kundi lenye lori mbili za taa, meneja wa kukata asilimia yake na wafanyakazi 15, litarudi nyumbani na deni. Kundi la watu wanne mu gari dogo, wanaolala kwa marafiki, MacKaye mwenyewe akipanga safari kwa simu, litarudi na kitu. Hawakuuza hata singleti zenye jina lao. Bei ya chini haikutoka ku huruma peke yake, ilitoka ku gharama walizokubali kuacha.

Na bei ile iliwapa uwezo wa ajabu. Mtu akianza kupiga wengine mu umati, walisimamisha wimbo, wakamtoa, na walikuwa na bahasha tayari yenye dola 5 za kumrudishia. Hakuna mfadhili wa kuogopa, kwa hiyo mtu mmoja mwenye kuleta fujo hana uzito.

4. Uhuru wa kutupa kazi

Sasa tunafika ku kiini, maana hesabu hizi zote zilikuwa kwa ajili ya muziki.

Mu 1992 walienda Chicago kurekodi na Steve Albini, fundi ambaye mwaka uliofuata alirekodi na Nirvana. Waliporudi na kusikiliza kanda, hawakuridhika. Wakaiweka pembeni. Wakarekodi upya karibu na nyumbani, na Ted Niceley, ku Inner Ear, studio ya Don Zientara iliyoanzia chini ya nyumba yake ku Arlington. Albamu ilitoka 1993, In on the Kill Taker, ya kwanza yao kuingia mu orodha ya albamu 200 za Billboard.

Fikiri kidogo. Kundi lenye avansi lingefanya nini? Siku za studio zimelipwa na kampuni, tarehe ya kutoka imepangwa. Lingetoa ile ile, hata kama moyo unakataa. Kutupa kazi uliyoimaliza ni anasa, na Fugazi walikuwa wameilipia kwa kulala chini miaka mingi. Mwaka uleule wa 1993, Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa Atlantic, alikuja mwenyewe kuwaona nyuma ya jukwaa ku New York akitaka waingie kwake. Wakakataa.

Sauti yao inaonyesha faida ya njia ile. Disiki ya kwanza, ya 1988, ni ya nguvu, besi iko na kivuli cha rege, na "Waiting Room" iko na kimya cha ghafula ambacho kila msikilizaji anakikumbuka. Ukifika Red Medicine ya 1995, wanacheza na makelele na studio yenyewe kama chombo. The Argument, ya 2001, iko na cello ya Amy Domingues na mpiga ngoma wa pili, Jerry Busher. Ku jukwaa hawakuandika orodha ya nyimbo: mmoja anaanza, wengine wanafuata, kwa hiyo wote wanne walipaswa kujua nyimbo zote kila usiku. Hayo njo matamanio yao: kila mwaka kwenda pahali hawajafika bado, na msikilizaji aweze kulipa ili awafuate.

5. Kusimama bila deni

Konseri ya mwisho ilikuwa ku London, Novemba 2002. Walikuwa na familia, safari zilikuwa nzito. Hawakutangaza kufa kwa kundi, walisimama tu, juu hakukuwa mtu wa kuwadai albamu nyingine. Na kwa sababu kanda ni zao, mu 2011 walianza kuweka ku intaneti rekodi za mamia ya konseri zao. Bei waliyopendekeza? Dola 5, na mwenye kidogo anaweza kulipa kidogo.

6. Na sisi je?

Kwetu tunajua mabanga: mwanamuziki anaimba jina la mkubwa, mkubwa analipa. Sisemi ni zambi. Watu wanakula nayo, na disiki peke yake hailishi mtu. Lakini sikilizeni vizuri nyimbo hizo: dakika ngapi ni za muziki, na ngapi ni za majina? Tena wazo la kumiliki kazi yako si la wazungu. Verckys Kiamuangana alitoka OK Jazz ya Franco mu 1969, akaunda Orchestre Vévé na nyumba yake ya kutoa disiki, Éditions Vévé, akatoa pia makundi ya vijana.

Tusidanganyane pia. Wale wa Washington walikuwa na umeme, posta yenye kufika, barabara, na paspoti isiyokataliwa. Na mtu mwenye mama mgonjwa hospitalini hatumwambii akatae feza.

Lakini naongea jambo ninaloishi. Tuko watatu tunaozalisha mbegu za maharagwe. Mwaka jana mtu mmoja alitaka kutupa feza nyingi, sharti tuache maharagwe tulime kile alichotaka yeye. Tulikaa usiku mzima na daftari. Hatuna ofisi ya kulipia, hatuna deni, mbegu ya msimu uliofuata ilikuwa tayari mu ghala. Tukasema hapana. Kama tungekuwa na ofisi nzuri na moto wa kulipa kila mwezi, jibu lingekuwa ndiyo, hata kama wote watatu tulijua ni mbaya.

Kwa hiyo, mbele ya kuandika ile proje ya kurasa 20 ya kutafuta mfadhili, andikeni kwanza ukurasa mmoja: vitu gani mnaweza kuacha na kazi ikaendelea? Gari? Ofisi? Vitambaa vya T-shirt? Kisha hesabuni kilichobaki. Pengine mtakuta kinatosha kuanza mwezi ujao, na kile mtakachotengeneza kitabakia chenu.