Pikapu Iliyonyanyuliwa na Mfuko wa Nyumba

Katika barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi, si shida siku hizi kuziona pikapu zilizonyanyuliwa kuliko zilivyotoka kiwandani, zikisimama juu ya tairi pana zenye meno makubwa. Zinavutia macho, na vijana wetu wanazipenda. Lakini katika nyumba nyingi za pwani pikapu si pambo. Ndiyo inayobeba samaki kutoka ufuoni, nazi na maembe kutoka shambani, na vyombo vya arusi inapofika siku yake. Mafuta yake hulipwa kutoka mfuko ule ule unaotoa karo na unga. Kwa hivyo kuinyanyua au kutoinyanyua ni shauri la nyumba nzima, na ni haki mama na baba walikate pamoja, wakijua linalowangoja.

Tuanze na kimo. Gari liendalo kasi husukumana na hewa, na nguvu ya hewa hiyo haiongezeki sawa na mwendo, bali huongezeka kwa mraba wake. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 100, mwendo umezidi kwa robo tu, lakini upinzani wa hewa umezidi kwa zaidi ya nusu. Sasa pikapu ikinyanyuliwa, hewa nyingi zaidi hupita chini yake, na huko hukutana na ekseli, springi, bomba la moshi na vyuma vingine visivyolainishwa kwa ajili ya kupita upepo. Injini hulazimika kufanya kazi zaidi ili mwendo ubaki ule ule. Ndani ya mji, ambako gari hutambaa, hasara hii ni ndogo. Katika safari ndefu za barabara kuu ndipo huonekana.

Tairi zina hesabu yake. Tairi kubwa yenye meno ya kupita matopeni huweza kuzidi ile ya kawaida kwa kilo kadhaa, na magurudumu ni manne. Uzito unaozunguka hugharimu kuliko uzito uliotulia, kwa kuwa kila gari linapong'oka, injini huusukuma mbele na papo hapo huuzungusha. Anayeendesha katika foleni za Nyali au Changamwe, akisimama na kung'oka mara kwa mara, hulipia uzito huo kila hatua. Tena meno makubwa hujipinda na kujinyoosha yakanyagapo lami, na nguvu iliyokusudiwa kuliendesha gari hupotea kwa joto na mvumo.

Lipo pia jambo la gia. Tairi kubwa ikizunguka mara moja hulipeleka gari mbali zaidi, kama baiskeli iliyowekwa katika gia nzito. Katika tambarare injini huenda ikazunguka polepole zaidi, na wapo wauzao tairi hizo wanaoitaja hali hiyo kuwa ni nafuu. Ila pakiwa na mlima au mzigo, dereva hulazimika kurudi gia ya chini na kukanyaga zaidi, na nafuu hiyo ikatoweka.

Hapa pana mtego unaowapotosha wengi katika kupima. Tuchukue tairi ya namba 265/65 R17, ambayo ni ya kawaida katika pikapu nyingi. Kipenyo chake ni takriban milimita 776. Mwenye gari akiibadilisha kwa 285/70 R17, kipenyo huwa takriban milimita 831, yaani nyongeza ya asilimia 7. Mita ya gari haina habari ya mabadiliko hayo. Ikionyesha kilomita 100, gari limekwenda 107. Mshale ukionyesha mwendo wa 80, gari laenda karibu 86. Kwa hivyo asiyesahihisha hesabu yake ataona kama mafuta yanaliwa kuliko yanavyoliwa kweli, na kubaya zaidi, ataendesha kasi kuliko adhaniavyo.

Kipimo cha haki ni chepesi. Kabla ya kubadilisha chochote, jazeni tangi pomoni, andikeni namba ya kilomita, mtumie gari kama kawaida yenu, kisha mlijaze tena katika kituo kile kile. Gawanyeni lita zilizoingia kwa kilomita zilizokwendwa, mzidishe kwa 100, mpate lita kwa kila kilomita 100. Rudieni mara tatu au nne. Baada ya kubadilisha tairi za mfano wetu, zidisheni kwanza kilomita za mita kwa 1.07. Mamlaka ya kawi, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na tofauti mtakayoipata mtaweza kuigeuza kuwa shilingi.

Wala msiidharau ikiwa ndogo. Nyumba itumiayo lita 50 kwa wiki, matumizi yakizidi kwa sehemu moja tu ya kumi, hutoa lita 5 zaidi kila wiki, na kwa mwaka ni lita 260. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukikausha pia.

Mafuta si yote. Gari lililoinuka huwa jepesi kupinduka katika kona, na tairi nzito huzichosha breki na kurefusha umbali wa kusimama. Anayewapakia watoto alipime hilo kabla ya kupima uzuri. Kampuni ya bima nayo iarifiwe mapema, isije ikakataa madai siku ya msiba.

Hatusemi kwamba kunyanyua ni upuuzi. Mkulima wa Tana River ambaye njia yake hugeuka tope kila masika ana haja ya kweli, na lita anazozidisha humfikisha sokoni. Lakini kwa ambaye safari zake zote ni za lami, gharama hiyo inakaribia israfu. Mwenye haja ndogo anaweza kubaki na kimo cha kiwandani, akachagua tairi za kipimo kile kile zenye meno ya wastani, akaimarisha springi za nyuma kwa ajili ya mzigo, na kuangalia upepo wa tairi kila wiki. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa kila pauni moja ya upepo ikipungua katika tairi zote, matumizi ya mafuta huharibika kwa asilimia 0.2 hivi. Zikipungua pauni 10, ni asilimia 2, na kuzirudisha ni kazi ya dakika chache tu.