Skrubu Kwanza, Stika Baadaye

Kijana mmoja mwenye saiba kule Marereni aliniletea laptopu yenye ugonjwa wa ajabu. Asubuhi haiwaki hata ikibembelezwa. Ikifika saa tano, jua limepanda na mabati yameanza kulia, inawaka kama haikuwa na neno, inafanya kazi mchana kutwa, na kesho yake inagoma tena. "Fundi, nishaambiwa ina jini," alisema, nusu akicheka. Alikuwa ameinunua shilingi 22,000 kwa mtu aliyekuwa akihama, na kilichomvutia kilikuwa bado kimebandikwa karibu na kibodi: stika ya Core i7.

Niliigeuza kifudifudi kabla ya kuiwasha. Skrubu mbili za pembeni zilikuwa na kutu, na ya tatu kichwa chake kilimumunyika chini ya bisibisi kama biskuti. Laptopu ile ilikuwa imekaa miaka katika nyumba inayotazama bahari upande wa Ngomeni, madirisha wazi. Ndani, karibu na tundu la chaja, palikuwa pameota unga wa kijani juu ya bodi, ule ule unaouona kwenye shaba ya zamani.

Kila jiko la pwani linajua kwamba chumvi iliyoachwa wazi msimu wa mvua hulowa bila kumwagiwa tone la maji. Unyevu wa hewa ukishapita asilimia 75 hivi, chembe ya chumvi huanza kuyanywa maji ya hewani mpaka yenyewe igeuke tone. Na maji ya chumvi hupitisha umeme. Juu ya bodi ya kompyuta, ambapo njia mbili za shaba zimeachana kwa nafasi nyembamba kama uzi, tone hilo latosha kuunganisha visivyopaswa kuunganishwa. Jua likipanda na hewa ikikauka, tone linarudi kuwa unga, na laptopu inapona. Wafanyakazi wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa wanaujua mchezo huu kinyumenyume: wao hungoja jua liyabebe maji, wabaki na chumvi. Laptopu ya yule kijana ilikuwa shamba dogo la chumvi lililofungwa kwa skrubu.

Ndiyo maana mtu wa Magarini anayesaka kompyuta ya mtumba akiniuliza inunuliwe ipi, kwanza nataka kujua imeishi wapi. Mashine ya miaka kumi iliyokaa katika ofisi kavu ya Ulaya inaweza kuwa kijana kuliko ya miaka mitatu iliyokaa Mambrui ikipulizwa na kusi. Ukiingia bara, Marafa au Adu, chumvi inapungua lakini linakuja vumbi, ambalo huziba feni na kuipandisha joto prosesa. Vumbi angalau husafishika. Chumvi ikishakula shaba, imekula. Hata vyuma vikubwa haivihurumii. Ni hapo hapo Ngomeni, kutoka majukwaa ya San Marco baharini, ambapo Wataliano waliirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchungulia eksirei za angani. Urushaji wa mwisho ulikuwa 1988. Majukwaa yenyewe yangali yamesimama majini, yakiliwa na kutu.

Basi ukienda kununua, iwe Malindi, Mombasa au Nairobi kwenye maduka ya Luthuli na Moi Avenue, beba tochi ya simu na bisibisi ndogo ya nyota. Tazama skrubu za chini. Kutu ni habari mbaya. Skrubu zilizochakaa vichwa ni habari ya aina nyingine: imefunguliwa mara nyingi, na aliyeifungua alikuwa na haraka. Mulika ndani ya matundu ya USB. Bati lake ling'ae, lisiwe na unga mweupe wala madoa ya kahawia. Mulika matundu ya feni. Fungua na ufunge kifuniko polepole ukisikiliza bawaba. Muuzaji akikuharakisha, muage kwa heshima na uende duka la pili.

Neno "ex-UK" lisikulevye. Halina mhuri wala sheria, ni maneno ya mdomo, na kila kontena linalopita bandari ya Mombasa linaweza kupewa jina hilo. Lakini kibodi haisemi uongo kirahisi. Kibodi ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya tarakimu 3, na kitufe chake cha Enter ni kirefu, kimesimama safu mbili. Ukiona juu ya 3 pana alama ya reli na Enter imelala, hiyo ni kibodi ya Kimarekani, huenda imepitia Dubai. Ya Ujerumani ina Z mahali pa Y. Sisi tulio karibu na Malindi tuna bahati ya peke yetu: laptopu za Wataliano, zenye è palipopaswa kuwa na mabano ya mraba na ò palipopaswa kuwa na nukta pacha, na chaja zenye plagi ya pini tatu za mviringo zilizojipanga mstari mmoja, zisizoingia popote nchini humu. Watu huzikimbia, na bei hushuka kwa sababu hiyo. Mimi huzinunua. Plagi ni ya kubadilisha waya tu, na vidole huzoea kibodi kwa siku tatu. Kuna jambo moja tu: mashine ya Mtaliano wa Malindi imeishi Malindi, kwa hiyo rudi kwenye skrubu.

Sasa stika. Ile i7 iliyomlevya kijana wetu, jina lake kamili lilikuwa i7-2620M. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi, nayo ni 2, yaani mashine ya 2011, yenye viini viwili tu vya kufanyia kazi. Weka kando yake i5-8250U ya 2017: kizazi cha 8, viini vinne, na umeme inaokula ni chini ya nusu ya ule wa kwanza, wati 15 dhidi ya 35. Kwa mwenye saiba anayetegemea paneli ya sola stima ikipotea, tofauti hiyo ni pesa. Kuanzia kizazi cha 10 kuna tarakimu mbili za kusoma: i5-1135G7 ni ya 11, usije ukaambiwa ni ya kwanza ukacheka bure. Stika hubandikwa na yeyote mwenye gundi. Mwambie muuzaji aiwashe, akufungulie ukurasa wa maelezo ya mfumo, usome jina la prosesa kwa macho yako.

Kuna tarehe nyingine ya kukaa nayo mfukoni unapopatana bei: 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft ilimaliza rasmi muda wa kuihudumia Windows 10. Windows 11 nayo, kwa masharti yake, inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kuendelea, isipokuwa chache sana za cha 7. Ofisi za Ulaya zikajikuta na mashine nzima, imara, zisizoruhusiwa kupanda daraja. Kizazi cha 6 na cha 7 kikawa kama embe la msimu. Ukikuta mashine ya namna hiyo inauzwa kwa bei ya kizazi cha 8, mwambie muuzaji kwa upole, "Kaka, hii Microsoft wameiacha njiani. Bei ya mwisho ngapi?" Kisha unyamaze. Linux Mint itakaa juu yake bila kinyongo, na kwa kazi ya eCitizen, kuandika barua na kuchapisha, mteja hatajua tofauti.

Ulaya kuna watu wanaozisaka laptopu kuukuu kwa mapenzi tu. ThinkPad X220 ya 2011 ina wapenzi kwa ajili ya kibodi yake ya safu saba, iliyoachwa mwaka uliofuata X230 ilipotoka. Nawaelewa, kibodi ile ni tamu kweli. Lakini huku kwetu laptopu ya 2011 bado iko kazini, haijafikia kuitwa kumbukumbu.

Ukishaipata mashine yenye mwili mzima, fedha ya kwanza iende kwenye SSD. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, mara nyingi kwa mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachotembea juu yake kama sindano ya santuri. Kila faili ndogo inayoitwa, kichwa lazima kisafiri, na safari moja huchukua zaidi ya sehemu kumi za elfu za sekunde. SSD haina kinachosafiri, hujibu mara mia haraka zaidi. Ndiyo sababu laptopu ya kizazi cha 4 yenye SSD humshinda jirani yake wa kizazi cha 7 anayezungusha sahani, kwa kila jambo ambalo mtu wa kawaida hulifanya. Nimeona watu wakiuza mashine nzuri kwa hasira, kumbe ni diski tu. Hapo ndipo palipo na bei ya kutupa ya kweli: "iko slow" ni maneno matamu kuliko yote muuzaji anayoweza kukuambia.

Nunua SSD yenye jina, mpya. Za bila jina zenye kudai uwezo mkubwa kwa bei ya chakula cha mchana nyingine ni kadi ya simu iliyotiwa ndani ya kasha. Diski ikiwa ya mtumba, tumia programu ya CrystalDiskInfo ikuonyeshe saa ilizofanya kazi na sehemu ilizokwisha kuzitupa kwa kuharibika. Hesabu hiyo ya pili ikiwa si sifuri, kwangu mimi hiyo diski ni ya kufanyia mazoezi.

Rami huja baadaye, na hapa ndipo watu hutupa pesa. DDR3 haiingii penye DDR4, pengo lake liko mahali pengine. Hilo ni rahisi. Gumu ni DDR3 na DDR3L, ambazo huingia tundu moja: ya kwanza hutaka volti 1.5, ya pili hukubali 1.35, na laptopu za kizazi cha 4 kwa kawaida hutaka ile ya pili. Ukikosea, utapata kioo cheusi na mlio. Tena fungua uone kabla ya kununua, maana laptopu nyembamba nyingi rami yake imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya rami imepanda duniani kwa sababu ya vituo vya akili bandia, kwa hiyo laptopu inayokuja tayari na GB 16 ina mali ndani yake ambayo muuzaji mwenyewe huenda hajaihesabu.

Chaja nazo zina vituko. Dell huitambua chaja yake kwa pini nyembamba ya katikati. Ukiweka ya bandia isiyotambulika, laptopu itawaka, lakini betri haitachaji na prosesa itakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Wengi hupeleka mashine kwa fundi kwa kosa la chaja. Kompyuta za mezani kutoka Marekani ni hatari zaidi: nyuma, kwenye sanduku la umeme, angalia swichi ndogo nyekundu. Ikisoma 115, isukume iende 230 kabla ya kuchomeka, maana stima yetu ni volti 240. Atakayesahau atasikia mlipuko.

Jambo moja halina dawa ya bei nafuu: nywila ya ndani kabisa, ile ya BIOS. Washa mashine ukibonyeza F2, F1 au F10 kulingana na aina, uingie humo ukiwa dukani. Ikikudai nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha mkono mfukoni. Huenda ni mali ya kampuni iliyosahau kuifungua, huenda ni ya wizi, na fundi anayekuahidi ataitoa kwa dakika kumi ataanza kwa kuchomoa chipu kwenye bodi yako. Ikiwaka na kukuonyesha jina la kampuni ikitaka baruapepe ya mfanyakazi, hiyo pia bado ina mwenyewe.

Nunua ukiona. Najua kutoka Marereni hadi Nairobi ni safari, na ni rahisi kutuma M-Pesa na kungoja parseli ya basi. Ikibidi, omba video fupi: mgongo wa mashine, skrubu kwa karibu, ukurasa wa BIOS na ripoti ya betri. Muuzaji mwaminifu haoni taabu.

Na ukishaipata, itumie. Laptopu iliyofungiwa kabatini miezi sita huoza upesi kuliko inayowashwa kila siku, maana joto lake lenyewe huikausha. Iweke mbali na dirisha la upande wa bahari. Usiku ifunike.

Ile ya kijana niliisafisha bodi kwa spiriti kali ya vifaa vya umeme na mswaki laini. Si thina, thina hula plastiki. Iliamka asubuhi kwa muda wa wiki mbili, kisha ikakata kauli. Nilimtafutia EliteBook 840 G3, kizazi cha 6, alama ya pauni iko juu ya 3, skrubu zinang'aa. SSD aliyokuwa amemwekea marehemu iliingia moja kwa moja. Rami haikuingia, ilikuwa DDR3 na hii ni DDR4, kwa hiyo tukamuuzia mwalimu mmoja wa Gongoni mwenye mashine ya kizazi cha 3, na fedha ikapunguza deni. Feni ninayo bado, na kibodi na kioo. Skrubu zake nimezitupa.