Kompyuta ikichelewa kuwaka, usiharakishe kumlaumu mgeni

NI Jumapili jioni. Chakula kimeshaliwa, mama yuko jikoni akiosha vyombo na mdogo wako analilia katuni. Wewe una kazi ya chuo ambayo mhadhiri anaitaka kesho saa mbili asubuhi. Unafungua laptopu yako, ile ambayo baba alikununulia ikiwa tayari imetumika, nawe ukaitia mfumo wa Linux kwa kuwa hauhitaji kulipiwa leseni. Kompyuta inakuarifu kwamba kuna masasisho, miongoni mwayo keneli mpya, na kwamba ni sharti uizime na kuiwasha upya. Unakubali bila kufikiri sana.

Hapo ndipo kiroja huanza. Mashine iliyozoea kuwaka kwa muda usiozidi nusu dakika inakaa kimya. Kiwambo ni cheusi. Unahesabu sitini, unahesabu mia, unapita mia na ishirini. Mwishowe inawaka na kila kitu kiko mahali pake. Unaizima na kuiwasha tena. Mambo ni yale yale.

"Mwanangu, cha bure kina gharama yake," baba anasema nyuma ya gazeti lake. Rafiki yako anakushauri kwa simu ufute kila kitu na uanze upya. Fundi naye anasema diski imechoka, kwa hivyo ulete pesa.

Mpenzi msomaji, ngoja kwanza! Kuifuta kompyuta nzima kwa sababu ya kuchelewa kwa dakika mbili ni sawa na kuchoma nyumba kwa sababu ya kunguni. Isitoshe, kazi yako ya chuo imo humo ndani. Kompyuta imechelewa tu, haijafa. Kwa hivyo jambo la kwanza kabisa, kabla ya kugusa chochote, ni kunakili kazi yako katika flashi. Ukishafanya hivyo, keti utulie, tumtafute mwenye makosa.

Keneli ni mdudu gani?

Keneli ni kiini cha mfumo wa kompyuta. Ndiyo inayozungumza na diski, kibodi, kiwambo na kumbukumbu, na kuzigawia programu zako kila mojawapo haki yake. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland, mwenye umri wa miaka 21. Tangu hapo maelfu ya watu wamekiboresha. Mwaka wa 2004 raia wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, alianzisha Ubuntu, mojawapo ya mifumo inayotumia kiini hicho. Jina hilo ni neno la lugha za Wanguni, ndugu wa neno letu "utu".

Keneli mpya hutolewa mara kwa mara ili kuziba mianya ambayo wezi wa mitandaoni wanaweza kuipenya. Ndiyo maana si busara kuapa kwamba hutasasisha tena kwa kuwa siku moja kompyuta ilichelewa kuwaka.

Mlaumu kwa ushahidi

Je, ni kweli kwamba mgeni huyu ndiye aliyeleta balaa? Kuna njia rahisi ya kujua. Mifumo kama Ubuntu na Debian haiitupi keneli ya zamani mara mpya inapoingia. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Washa kompyuta huku ukibonyeza kitufe cha Esc, au ushikilie Shift ikiwa mashine ni ya zamani, hadi uone orodha ya GRUB. Chagua mstari ulioandikwa "Advanced options", kisha uchague keneli yenye nambari ndogo.

Ikiwa kompyuta itawaka haraka kwa keneli ya zamani na kuchelewa kwa mpya, basi una sababu ya kumshuku mgeni. Endelea kutumia ya zamani kwa siku chache hadi toleo jingine litokee. Lakini ikiwa inachelewa kwa zote mbili, mgeni umemsingizia. Aghalabu mambo huwa hivyo.

Sasa fungua dirisha la amri na uandike:

systemd-analyze

Utapata hesabu ya muda uliotumika katika kila hatua ya safari: bodi ya mashine yenyewe, kisha GRUB, kisha keneli, na mwisho huduma zote zinazofuata, zinazoitwa "userspace". Katika mashine za zamani hatua mbili za kwanza huenda zisionyeshwe.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi. Tuseme hesabu inaonyesha sekunde 35 kwa keneli. Utaruka juu na kusema, "Si nilijua!" La hasha. Keneli haipandi gari peke yake. Hubeba kifurushi kidogo cha kuanzia safari, chenye vifaa vya kuifungulia diski. Katika Debian na katika Ubuntu nyingi zinazotumika, muda ambao kifurushi hicho kinapoteza huandikwa katika akaunti ya keneli. Kwa hivyo keneli hulaumiwa kwa deni la mwingine.

Abiria aliyehama

Hebu kumbuka vizuri. Wiki tatu zilizopita nafasi ilikuwa imekwisha, ukafuta ile sehemu ya diski iitwayo swapu, ambayo mfumo huitumia kama akiba kumbukumbu inapojaa. Ukaigeuza kuwa ghala la picha na muziki. Tangu siku hiyo hukuwahi kuizima laptopu kabisa. Ulikuwa ukifunga kifuniko tu, nayo ikisinzia. Keneli mpya ndiyo iliyokulazimisha kuizima na kuiwasha upya kwa mara ya kwanza.

Kila sehemu ya diski ina nambari yake ya kitambulisho, kama wewe ulivyo na kitambulisho chako. Ukiifuta au kuiumba upya, nambari ya zamani hufa. Lakini mfumo haukuambiwa! Bado ulikuwa na nambari hiyo katika daftari mbili. Ni kama matatu iliyosimama kituoni, makanga akisisitiza kwamba wanamngoja abiria wa kila siku, ilhali abiria mwenyewe alihamia mtaa mwingine mwezi uliopita.

Daftari la kwanza ni faili ya /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, ambayo hukiambia kile kifurushi mahali pa kutafuta kumbukumbu za kompyuta iliyolala fofofo. Hapo mfumo hungoja takriban sekunde 30 kabla ya kukata tamaa. Daftari la pili ni /etc/fstab, orodha ya sehemu zote za diski zinazopaswa kufunguliwa. Hapo hungoja sekunde 90. Jumlisha mwenyewe: dakika mbili kamili, zote za kumngojea asiyekuja.

Kuthibitisha ni rahisi. Andika journalctl -b na usome saa zilizo kando ya kila mstari. Ukiona pengo kubwa la muda, soma yaliyoandikwa kabla na baada yake. Maneno "Timed out waiting for device" ni ushahidi tosha. Kisha andika lsblk -f, ambayo huonyesha vitambulisho vya sehemu zilizopo hivi leo, na uvilinganishe na vile vilivyo katika daftari hizo mbili.

Dawa yenyewe

Kwanza, weka nakala ya orodha ya diski:

sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani

Pili, ifungue kwa sudo nano /etc/fstab, utafute mstari wa swapu wenye kitambulisho kilichokufa, na uweke alama ya # mwanzoni mwake. Mstari huo hautasomwa tena. Usiguse mstari mwingine wowote, hasa ule wa sehemu kuu yenye alama ya / peke yake, kwa kuwa ukiuharibu kompyuta inaweza kukataa kuwaka kabisa.

Tatu, fungua ile faili ya resume kwa njia iyo hiyo. Nakili kwenye karatasi kilichomo, kisha uandike RESUME=none badala yake. Ikiwa swapu ingalipo ila kitambulisho chake kimebadilika, basi andika nambari mpya katika daftari zote mbili badala ya kufuta.

Nne, kifurushi cha kuanzia safari lazima kifungwe upya, la sivyo kitaendelea kubeba nambari ya zamani:

sudo update-initramfs -u

Amri hiyo hugusa kifurushi cha keneli mpya pekee. Cha zamani hubaki kilivyo, nacho ni gurudumu lako la akiba iwapo utakosea. Sasa izime mashine na uiwashe.

Na ikiwa kisa ni kingine?

Si kila kuchelewa kunatokana na swapu. Amri ya systemd-analyze blame huorodhesha huduma kwa muda zilizotumia, iliyochelewa zaidi ikiwa juu. Hata hivyo usimhukumu wa juu papo hapo, maana huduma nyingi hufanya kazi kwa pamoja, na moja inaweza kuchukua muda mrefu bila kumchelewesha yeyote. Amri ya systemd-analyze critical-chain ndiyo huonyesha nani alimsubiri nani. Ukiikuta NetworkManager-wait-online katika mnyororo huo, kompyuta inausubiri mtandao upatikane. Katika laptopu ya nyumbani, huduma hiyo mara nyingi inaweza kuzimwa bila hasara.

Vilevile andika df -h /boot. Ikiwa nafasi ya hapo imejaa, huenda kifurushi cha keneli mpya hakikukamilika kutengenezwa.

Lakini ukiona katika kumbukumbu maneno "I/O error" yakijirudia pamoja na jina la diski, hapo usiendelee na majaribio. Nakili kila kitu kwanza, kwani huenda diski kweli inakata roho, na yule fundi hakukosea.

Turudi mezani kwako. Ni saa nne usiku. Kompyuta imewaka kwa sekunde 26, na kazi ya chuo ingalipo, neno kwa neno. Baba amekunja gazeti na anauliza ulilipa pesa ngapi. Mwambie ukweli: hukulipa hata senti, ila uligundua kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Keneli ilikuwa mgeni aliyebisha hodi siku ile ile ambayo kosa la mwenyeji lilikuwa linajitokeza.

Kuanzia leo, kila unapobadilisha kitu kikubwa katika diski, izime kompyuta na uiwashe upya siku hiyo hiyo. Kosa likiwapo, utalijua likiwa bado bichi, wala hutakutana nalo usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.