Kupanga Chumba cha Bweni: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, wanafunzi wetu hupewa ratiba ya mihadhara, orodha ya vitabu na ufunguo wa chumba. Kuhusu ratiba na vitabu huelezwa mengi. Kuhusu chumba huachiwa wajionee wenyewe. Katika makala haya tunanuia kuziba pengo hilo. Tunaandika tukiyafikiria mabweni na hosteli za hapa Kampala, ambamo wanafunzi wawili au zaidi hugawana chumba kimoja, ingawa wenzetu wa Kigali na Bujumbura wataona kwamba mengi yanawahusu pia.

Huenda msomaji akajiuliza, idara ya lugha na vitanda wapi na wapi? Mwanafunzi wa Kiswahili wa Dar es Salaam au Mombasa akitoka darasani huipokea lugha sokoni, kwenye daladala au matatu, na kwa muuza mihogo. Wetu akitoka darasani hukutana na Kiganda na Kiingereza. Mahali pekee anapoweza kuamua mwenyewe lugha itakayotumika ni chumbani mwake. Chumba kikiwa hakikaliki, atashinda vyumbani mwa wengine na usiku atasinzia juu ya daftari, na Kiswahili chake kitabaki kuwa cha mtihani tu. Nasi tunajua kwamba wengi wao ndio watakaosimama mbele ya madarasa kukifundisha.

Tuanze na kitanda. Usinunue godoro kabla ya kukipima kitanda ulichopewa, kwani vitanda vya mabweni havilingani. Cha futi mbili na nusu hakiwezi kubeba godoro la futi tatu bila ukingo mmoja kuning'inia. Dukani, libonyeze godoro kwa goti. Likizama na kukawia kurudi, hilo halitamaliza mwaka. Kabla ya kulitandika, kagua mishono yake na nyufa za kitanda, maana huko ndiko kunguni hujificha mchana. Ukiona madoa madogo meusi, usikimbilie dawa ya kupuliza peke yake. Fua shuka na foronya kwa maji ya moto sana, safisha nyufa za chaga, na uwaambie majirani wakague vyao, la sivyo wadudu hao watahama chumba kimoja kwenda kingine na kurudi.

Chandarua si pambo. Mbu waenezao malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, na kipindi cha mitihani si wakati wa kulazwa zahanati. Chagua chenye dawa ya kudumu, ambacho kwa kawaida hufaa kwa kiasi cha miaka mitatu. Kikiwa kipya, kitandaze kivulini kwa siku nzima kabla ya kukitumia. Ukikifua, tumia sabuni ya kawaida na ukianike kivulini, kwa sababu jua kali huidhoofisha dawa. Kwenye kitanda cha ghorofa, anayelala chini afunge kamba zake kwenye chaga za kitanda cha juu, na wa juu aombe ndoano ya darini. Chandarua cha pembe nne huwafaa wa chini kuliko cha duara, kwa vile hakihitaji urefu. Kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kikining'inia tu, mbu hupita.

Sasa umeme, na hapa tunaomba mtuvumilie kwa hesabu kidogo. Plagi ya pini tatu tunayoitumia huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa umeme wa volti 240, hiyo ni wati 3,120. Birika la umeme hula kati ya wati 1,500 na 2,000, na pasi wati 1,000 au zaidi. Mabirika mawili makubwa kwenye ekstensheni moja tayari yamevuka kiwango hicho, na ekstensheni nyingi za bei nafuu zina waya mwembamba usiostahimili hata nusu yake. Simu, kompyuta na taa hazina neno. Vinavyochemsha na kupasha moto ndivyo vyenye hatari, na kila kimoja kichomekwe peke yake, kwenye soketi ya ukutani. Waya usipite chini ya godoro wala zulia, maana joto lake hukosa pa kutokea.

Jiko la mkaa, ambalo wengi hapa huliita sigiri, lisiingizwe chumbani kamwe, hata liwe limebaki makaa machache ya kuotea mvua inaponyesha. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki.

Kuhusu mpangilio wa samani tuna sharti moja tu: mlango na dirisha viachwe wazi. Mwezi Machi 2001, wanafunzi 67 walipoteza maisha katika moto wa bweni la shule ya Kyanguli nchini Kenya. Moto ule uliwashwa kwa makusudi, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Kabati likisukumwa mbele ya dirisha ili kupata faragha, chumba kinakaribia hali hiyo hiyo. Pazia linatosha.

Meza iwekwe ubavuni mwa dirisha, isiliangalie moja kwa moja wala kulipa kisogo. Anayeandika kwa mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya maandishi. Wa mashoto afanye kinyume. Hapa kwetu jua huchwa karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo kusoma kwingi hufanyika kwa taa. Taa ndogo ya kuchaji inayoelekezwa kwenye kitabu humsaidia anayesoma bila kumsumbua mwenzake aliyelala, na umeme ukikatika haizimiki.

Tukirudi kwenye lugha, wapo wanafunzi wanaobandika karatasi kila mahali: "kitanda", "meza", "mlango". Hatuwakatazi, ila nomino pekee haina kazi kubwa. Upatanisho ndio unaowasumbua, na chumba kina takriban kila ngeli. Kitanda kimelegea, godoro limebonyea, mto umechakaa, foronya imechanika, funguo zimepotea, mende wameingia. Mwanafunzi anayelalamika kwa Kiswahili kuhusu chumba chake kwa wiki mbili amefanya zoezi la sarufi ambalo hatuwezi kulimaliza kwa muhula mzima. Atakutana pia na utajiri wa msamiati. Viatu vya kuogea ni ndala kwa wengine, kandambili au malapa kwa wengine. Chombo cha kuhifadhia maji ya moto ni chupa ya chai kwa Watanzania wengi, na flaski kwa Wakenya. Walimu wenzetu, tusiwasahihishe wanafunzi kwa haraka wanapoleta maneno haya darasani. Tuwaulize wameyasikia wapi.

Wale miongoni mwetu waliosoma Dar es Salaam wanalikumbuka neno "kubebana", yaani mwenye chumba kumlaza mwenzake aliyekosa nafasi. Ni utu, na uhaba wa vyumba haujaisha popote. Lakini godoro moja likilaliwa na wawili kwa muhula mzima, anayeumia zaidi mara nyingi ni yule wa kitanda cha pili, ambaye hakuulizwa. Zungumzeni mapema: mgeni atalala siku ngapi, taa izimwe saa ngapi, nani atafagia na nani atajaza dumu la maji.

Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kufungua masanduku, kaeni wote na muandike hali ya chumba kwa Kiswahili, kitu kimoja kimoja. Kioo cha dirisha la kushoto kimepasuka. Droo ya pili haifungi. Soketi iliyo karibu na mlango imelegea. Tieni saini na tarehe, nakala moja mpeni msimamizi wa bweni, na nyingine ibaki ndani ya kabati. Akiwa hasomi Kiswahili, msomeeni na kumfasiria palepale, kisha naye atie saini yake.